Kinanda cha Harusi na Ibada

Juzijuzi nilikuwa kwa fundi redio pale Usagara, nikisubiri pasi yangu, akaingia mpiga kinanda wa taarabu na kinanda kilichokuwa bubu. Benchini alikuwapo mzee wa kanisa, amepakata kinanda cha aina ileile, chake kinakoroma.

Fundi alivifungua vyote viwili, akapuliza vumbi. “Vipuri vyake havitengenezwi tena hata huko Japani. Hii ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje imetujazia madukani sabuni za kunukia tu. Nikivichanganya, nawapa kimoja kizima.”

Wakatazamana. “Shikamoo, mzee,” akasema yule kijana wa taarabu. “Mimi Jumamosi nina harusi.”

“Marahaba. Mimi Jumapili nina ibada.”

“Basi hatugombani.”

Mzee akamnyooshea kidole. “Lakini kirudi kisafi!”

Kilirudi kinang'aa. Jumapili nilikuwa napita nje ya kanisa mwalimu wa kwaya alipobonyeza kitufe, na wimbo wa toba ukaanza kwa mdundo wa chakacha. Nikachungulia dirishani. Mwalimu anahangaika kuuzima, na viuno vya kina mama vimeshaitikia.

Nasikia mzee sasa anatafuta kipuri usiku na mchana, na kina mama wanaomba kisipatikane.