Mume Anayejifunza Gia Akiwa Amefumba Macho

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, na baridi ya milima ya Iveti bado inauma vidole. Nthambi anapiga kiki, pikipiki inakohoa, moshi wa buluu unatoka, mbwa wa jirani wanaanza kubweka. Mitungi ya maziwa imefungwa ubavuni kwa mipira. Nyuma anapanda mumewe, Kiema, anamshika mabega.

"Umefumba macho?" mke anauliza.

"Nimefumba."

"Usinidanganye, Baba Kasiva."

"Ah, nimefumba, mama! Twende."

Barabara inaanza kupanda papo hapo. Injini inakoroma. Kiema anamgusa mkewe begani, ishara kwamba ni wakati wa kubadilisha gia. "Bado," anajibiwa. Anagusa tena. "Bado! Una haraka ya nini? Sikiza kwanza." Sauti inapanda, inakuwa nyembamba, inalia. Anagusa mara ya tatu, na mguu wa kushoto wa Nthambi unaweka gia ya pili.

"Hapo umesikia," anasema, na wanaendelea kupanda.

Ni vioja, hakuna njia nyingine ya kusema. Mwanamume mzima wa miaka 54 amebebwa na mkewe, macho yamefumbwa, anapapasa bega kama anayetafuta swichi gizani. Vijana wa bodaboda pale Mumbuni, chini ya mlima, hawajawaacha wapumue. "Baba Kasiva, leo unaombewa tena?" wanampigia kelele. Naye huwajibu, "Ombeeni na nyinyi, dhambi zenu ni nyingi." Hata mwandishi huyu alicheka, mpaka alipoelezwa sababu.

Pikipiki hii ni ya zamani, ya zile ambazo petroli huchanganywa na oili ndani ya tangi. Nthambi, mwenye umri wa miaka 49, aliachiwa na baba yake, marehemu Bartholomew, katekista aliyekuwa akiitumia kuzunguka makanisa ya vijijini. Ndiye aliyemfundisha bintiye gia kwa mtindo huo huo wa kufumba macho na kugusa bega.

"Hii si kama hizi za siku hizi," Nthambi anaeleza. "Hizi mpya ukiweka gia kubwa mapema, zinaenda tu. Hii ukiiharakisha inakufa mlimani na mzigo mgongoni. Lazima ungoje ilie ndio uweke gia. Na ukiteremka usifunge mafuta kabisa, kwa sababu oili yake inakuja na mafuta. Shika klachi, vuta mafuta kidogo, achilia. Ukiinyima mteremko wote, pistoni inakauka."

Hapo ndipo Kiema alipokosea mwaka jana. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo huko EPZ Athi River, na pikipiki aliyokuwa nayo huko ilikuwa ya hizo mpya. Aliporudi nyumbani alirudi na mazoea yake: panda na gia kubwa, teremka umefunga mafuta, okoa petroli. Siku moja mkewe alikuwa na homa, akachukua maziwa yeye. Aliteremka mlima wote kimya kimya, akijisifu moyoni kwa kubana matumizi. Karibu na Mumbuni gurudumu la nyuma lilifunga ghafla, akaanguka, na maziwa yote yakamwagika barabarani. Pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda.

"Hakunipigia kelele," Kiema anakumbuka. "Alichukua tu mitungi mitupu akaiosha. Afadhali angenitusi."

Fundi wao, Ndeti, aliichonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi. Alipomaliza aliwaita wote wawili. "Hii imechongwa mpaka mwisho," aliwaambia. "Pistoni kubwa kuliko hii haiko. Ikishika tena, msiniletee. Pelekeni kwa watu wa vyuma chakavu."

Na bila pikipiki hakuna kazi. Nthambi hukusanya maziwa kwa majirani na kuyateremsha mjini, na mwezi ukiwa mzuri hubaki na kama shilingi elfu kumi na nane. Mteja wake mkubwa ni Deka, mwenye hoteli ya chai na mahamri. "Mimi sinunui maziwa ya mtu mwingine," Deka anasema. "Mama Kasiva akichelewa, wateja wananiangalia mimi vibaya kama ng'ombe ni wangu."

Sasa goti la Nthambi limeharibika, tena la kushoto, la mguu wa gia. Daktari anataka kulipasua, na baada ya hapo Nthambi asiguse gia kwa miezi mitatu. Tarehe ameshaiahirisha mara mbili akingoja mumewe aijue pikipiki, na binti yao Kasiva, anayefuatilia mambo ya hospitali, amekasirika hata kupiga simu hapigi. Jioni Nthambi hupanda kitandani kwa kuinua mguu kwa mikono yake miwili.

Kwa nini asiajiri mtu? "Huyo pia atakuja na mazoea ya pikipiki yake," anasema. "Afadhali huyu. Huyu nikimkaripia hawezi kurudi kwao."

Kiema anacheka, kisha anainamisha kichwa. "Anaumwa, na ni mimi namzuia kutibiwa. Hiyo inaniuma sana."

Alhamisi iliyopita aliendesha peke yake kwa mara ya kwanza, mitungi ikiwa imejaa. Nthambi alibaki langoni, ameshika nguzo. Kutoka pale barabara yote husikika, kupanda hadi kuteremka.

Injini ilikoroma, ikapanda sauti, ikalia, ikazidi kulia. "Aiya, ataipasua huyu!" Nthambi alisema. Kisha gia ikaingia, laini. Ya pili, baadaye ya tatu. Kule juu sauti ikazimika, maana mteremko ulikuwa umeanza.

Kimya. Nthambi alitega sikio. Kimya kikarefuka mpaka kikachosha. Halafu kwa mbali ukasikika mvumo mfupi, ukakatika. Ukaja mwingine. Na mwingine, chini zaidi, karibu na nyumba za Mumbuni.

Nthambi alikaa chini taratibu, goti limenyooshwa mbele, akajifuta macho kwa leso huku akicheka. Akatoa simu.

"Kasiva, mwaitu, mama yangu, usikate. Waambie hao madaktari Jumatatu nakuja. Eeh, nakuja kweli, siahirishi tena. Baba yako ameshuka mlima."