Ng'ombe Wanaolala Kwake

Mwaka ule wa njaa, katikati ya miaka ya sabini, kazi yangu pale Mbeya ilikuwa kuunganisha orodha mbili ziwe moja: ya kaya, iliyoletwa na mabalozi wa nyumba kumi, na ya mifugo, iliyotoka majoshoni. Mwenye ng'ombe wengi aliondolewa. Aliyebaki alipewa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada ambayo wote tuliyasema vibaya na kuyala vilevile. Namna ya kuunganisha ilikuwa kwenye maelekezo ya kurasa tatu. Sikutakiwa kufikiri, na kwa uchovu niliokuwa nao nilishukuru.

Awamu ya pili ya mgao, mjane mmoja wa Kisukuma alikuja dirishani kutoka Usangu. Alisema mara ya kwanza alipata mahindi, safari hii jina lake halipo, na watoto nyumbani hawana kitu. Nilipomuuliza bosi, akasema maelekezo ni yale yale, yamepigwa chapa upya tu kwa kuwa ya zamani yalififia.

Yale yale! Nilimwomba mpiga taipu, dada mmoja mwenyeji wa Mlandege kule Iringa, asome ya zamani kwa sauti, nami nifuate mapya kwa kidole. Alisoma mpaka koo likamkauka. Mkato umehama, kichwa cha habari kimepigiwa mstari, upuuzi mtupu. Macho yaliniwasha, nikatamani kumwambia yule mama aende zake. Ukurasa wa mwisho dada akasoma, "Ng'ombe wahesabiwe kwa mwenye mali." Nikamsimamisha. Kwangu iliandikwa: kwa boma wanamolala.

Nikamuuliza yule mama ng'ombe wanaolala kwake ni wa nani.

"Si zangu, bwana karani. Mwenyewe aliniachia nizichunge, watoto wapate maziwa. Sasa hata maziwa hamna. Ikifa moja, napeleka ngozi kwake aamini sikuiuza."

Ndivyo wanavyogawana mifugo kule, ugonjwa ukiingia boma moja usimalize yote. Aliyebadilisha mstari ule hakujua, au alijua akachoka kama sisi. Bosi alisikiliza, akakubali kuna kosa, akasema litarekebishwa awamu ijayo. Hii tumalize na maelekezo tuliyonayo. Nilimchukia, na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Nikamweleza mama. Akauliza, bila hasira yoyote:

"Kwa hiyo zikifa zote wiki hii, nitapewa?"

Nikayapitia maelekezo mapya. Ndiyo, angepewa.