Mume Wangu Alipoacha Kuwa Mtanzania

Mwaka ule mume wangu aliponyimwa viza, aliacha kumaliza chakula. Alikuwa anakula nusu sahani, anainuka, anazunguka uani, anarudi kukaa, halafu anainuka tena. Alikuwa ameomba kwenda Ulaya kwenye maonyesho ya mashine za kukoboa mpunga. Tuna kinu Turiani, na kwa muda mrefu alikuwa akitamani mashine ya kisasa inayochambua mchele mbovu ukae kando. Alipeleka kila walichokitaka ubalozini. Jibu likaja kwamba hawakuridhika kuwa angerudi kwao.

Hilo la kurudi ndilo lililomchoma. Angeambiwa ana upungufu wa vielelezo angetafuta vielelezo. Lakini kuambiwa na mtu asiyemjua kwamba hana kitu cha kumrudisha nyumbani, hakujua amjibu nani.

Mume wangu alizaliwa Kingolwira. Baba yake alikuwa askari magereza aliyetokea Kigoma, akahamishwa huku na huku, akastaafia hapo hapo karibu na stesheni. Hawakuwa na kijiji. Kila walipoishi palikuwa nyumba ya serikali, na siku ya kuondoka waliacha hata miti waliyopanda. Nadhani ndiyo maana hakuwahi kuelewa vizuri habari za kwetu, na mimi sikuwahi kuelewa vizuri habari zake.

Kwetu ni Mgeta, juu mlimani. Sisi Waluguru tunafuata upande wa mama. Shamba ni la lukolo, yaani ukoo wa kuukeni, na mama yangu alipokuwa amechoka kulima, kila mtu alijua kwamba matuta yake ya njegere na kabichi yangekuja kwangu, mtoto wa kwanza wa kike. Sikuwa nikilima. Nilikuwa naishi Kihonda, nasimamia duka letu la Dumila, napanda Mgeta Krismasi na Pasaka. Lakini nilipokuwa nikisema "shamba langu," hakuna aliyecheka.

Miezi michache baada ya ile viza, mfanyabiashara mwenzake alimwalika mume wangu kwenye kikao katika hoteli moja Dar. Tulikwenda wote wawili. Aliyezungumza alikuwa wakala, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Akatueleza kwamba kuna nchi ndogo, kisiwa cha Karibiani, ambako ukiwekeza kwenye hoteli inayojengwa ufukweni unachunguzwa historia yako, na mambo yako yakiwa safi unapewa uraia, wewe na mwenzi wako. Si lazima uhamie huko. Pasipoti yao inakuingiza nchi nyingi bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Njiani kurudi mume wangu aliongea kuanzia Mlandizi mpaka Mikese. Alizungumzia mashine, miji, treni za Ulaya ambazo alisoma habari zake tu. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo tangu tulipooana. Na mimi, sitaki kujifanya, nilitaka pia. Wiki ile nilihamisha makochi ya sebuleni mara kadhaa. Nilipanga makabati, nikayapangua. Nilikuwa dukani Dumila, mabasi ya Dodoma yakisimama na kuondoka, wachuuzi wakikimbilia madirishani na nyanya na vitunguu, nami natazama watu waliokaa ndani na kuwaonea wivu, ingawa wengi walikuwa wanakwenda Gairo tu.

Watoto wetu wawili, watu wazima wenye kazi zao Dar, walisema wao hawamo. Tukaenda kwa wakili wetu pale mjini Morogoro. Ni mwanamke asiyependa kuzunguka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

"Siku mnayokula kiapo cha kule kwa hiari yenu," alisema, "huku mmeshaacha. Na ardhi hamtaweza kumiliki kama mnavyomiliki sasa."

Mume wangu alisema nyumba na kinu vinaweza kuandikwa kwa watoto. Wakili akakubali kwamba njia zipo. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nina kitu kingine. Nikamwambia kuna shamba la mama Mgeta. Akaniambia niende nikazungumze na wenye ukoo.

Nilipanda mlima nikiwa nimejiandaa kwa vita. Gari lilipoacha lami kule Sangasanga na kuanza kupanda, nilikuwa najibu kichwani maswali ya mama, ya mjomba, ya mdogo wangu. Nilijua watalia. Nilijua mjomba atasema nimeuza asili yangu. Kila kona niliongeza hoja.

Nilimkuta mama jikoni anamenya njegere, mdogo wangu akichochea moto. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikaeleza yote bila kupumzika. Mama hakuacha kumenya. Aliniuliza huko kisiwani kuna baridi au joto. Nikamwambia joto. Akauliza kama kuna kanisa. Nikasema lipo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Jumapili baada ya misa mjomba alikuja na wazee wengine wawili wa ukoo. Walikaa uani, wakanywa uji, nikaeleza upya. Hakuna aliyenipinga. Mjomba aliuliza tu kama sheria ndivyo ilivyo kweli, nikasema ndivyo. Akamtazama mama.

"Basi tumpe mdogo wake tangu sasa," mama alisema. "Wasije wakasumbuana mimi nikishaondoka."

Yakaisha. Walishuka mabondeni, wakamwonyesha mdogo wangu mipaka aliyokuwa anaijua kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilima miaka yote hiyo. Mimi nilifuata nyuma na viatu vyangu vya mjini. Wakati wa kuondoka mdogo wangu alinifungia kabichi na njegere kwenye kiroba, akakibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Alikuwa na furaha na alijitahidi isionekane. Nilitambua kwamba ananifungashia kama mgeni anavyofungashiwa.

Kwenye kushuka sikuweza kukaa vizuri kwenye kiti. Dereva aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimekwenda nikidhani kuna kamba imenifunga kule juu na itabidi niikate mbele ya watu. Kumbe hapakuwa na aliyeishika. Niliogopa namna ambayo hata sasa siwezi kuieleza sawasawa.

Nilipofika Kihonda nilimwambia mume wangu kwamba mimi siapi.

"Wamekukatalia kuliacha shamba?" aliuliza.

"Hapana. Limeshakwenda kwa mdogo wangu."

"Sasa unabakia kwa ajili ya nini?"

"Sijui," nilimwambia. "Lakini siapi."

Hakunigombeza. Aliendelea peke yake. Uchunguzi ulichukua muda, kisha akasafiri nchi jirani, si kisiwani kwenyewe, kwenda kuapa mbele ya afisa wa kisiwa kile. Aliporudi nilimpokea uwanja wa ndege Dar. Alichelewa kutoka. Alipotokea alikuwa anacheka kidogo, akanisimulia kwamba kwa mazoea alisimama foleni ya raia, na afisa mmoja akamwambia kwa adabu, "Mzee, wageni ni upande ule." Alisimulia kama kichekesho. Tulipofika Chalinze akakirudia, na safari hiyo hakucheka.

Nyumba ikaandikwa jina langu, na kinu pia, kwa kuwa watoto hawakutaka usumbufu. Ili aishi Morogoro alihitaji kibali, na njia iliyokuwa rahisi ilikuwa mimi nimwombee kama mume wangu, mtegemezi wa raia. Tulikwenda wote uhamiaji. Binti aliyekuwa mapokezi alinitazama mimi, si yeye.

"Mama, huyu ndiye mtegemezi wako?"

Nikasema ndiyo. Mume wangu, ambaye alinilipia karo ya chuo tukiwa wachumba, alikuwa anasoma tangazo ukutani. Nilipotaka tuondoke pamoja alisema nitangulie na gari, yeye atatembea. Kutoka mjini mpaka Kihonda, jua la saa saba.

Alikwenda Ulaya, na alirudi, kama alivyosema kwamba angerudi. Mashine aliinunua, ipo Turiani, inafanya kazi vizuri na wakulima wanaisifu. Nilidhani atatulia. Akasafiri tena, na tena, kila mara akinitumia picha za stesheni za treni, sijui kwa nini si za majumba au makanisa. Akiwa nyumbani husoma ratiba za ndege kama wengine wasomavyo magazeti.

Mwaka jana akaamua kwenda kukiona kisiwa chenyewe. Alinipigia simu kutoka huko. Hoteli ipo, haikuwa uongo, na bahari ni nzuri. Alikuwa amekaa kwenye benchi na mzee mmoja muuza matunda, na mzee huyo akamuuliza anatoka wapi.

"Ukamwambiaje?" nilimuuliza.

"Pasipoti yao ilikuwa mfukoni kabisa," alisema. "Nikamwambia natoka Morogoro."

Aliporudi alimwuliza wakili njia ya kuurudisha uraia wake. Wakili alimweleza kwamba ataomba kama mgeni mwingine yeyote, kwa kuishi nchini muda unaotakiwa bila kuzurura, na kwa kuuacha uraia wa kisiwa kile. Mume wangu alisema atafikiri. Baada ya hapo akakata tiketi ya kwenda Istanbul.

Mimi msimu huu nimemwomba mdogo wangu kipande cha tuta moja nipande vitunguu saumu. Amenipa, kwa msimu mmoja. Naupanda mlima kila ninapopata nafasi, na nikifika nataka kushuka, na nikishuka nataka kupanda.

Mwezi ujao kibali cha mume wangu kinafika mwisho. Alisema niende uhamiaji nikasaini mwenyewe, yeye atakuwa Turiani. Nilimwambia lazima twende wote, wanataka wamwone. Akamalizia chai yake akiwa amesimama, kisha akaniuliza tukitoka hapo ningependa tupitie wapi.