Kuku wa Samansi

Nilikuwa mtoro hodari, na silisemi hili kwa majuto makubwa. Nikiwa darasa la tano nilitoka nyumbani kila asubuhi na sare yangu, ufagio na kidumu cha maji ya bustani ya shule, nikamuaga Bibi vizuri kabisa, kisha nikifika njia panda nikakata kushoto. Kulia kulikuwa na shule, na ndani yake mwalimu aliyeamini kwamba hesabu humwingia mtoto kupitia makalio. Kushoto kulikuwa na barabara inayopanda mlima kutoka Muze, huko bondeni.

Lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini lilipanda mlima ule likihema, limejaa mpunga na samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Kila liliposhindwa, alihitajika mtu wa kuweka kigogo nyuma ya gurudumu lisije likarudi bondeni. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na kigogo changu mwenyewe, nakificha kwenye majani. Ujira wangu ulikuwa samaki wawili, watatu, nami nilimwambia Bibi kuwa tumegawiwa shuleni. Bibi aliwaunga kwa karanga, akaisifu serikali.

Bibi ndiye aliyenilea, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kazi. Aliniita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu wake wa kike, na aliniamini. Hilo lilinirahisishia kazi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwalimu mkuu, balozi wetu wa nyumba kumi na hakimu wa mahakama ya mwanzo walikuwa wamekaa wakapatana. Kila Ijumaa mwalimu aliandika majina ya watoro, balozi akayapeleka mahakamani kwa baiskeli, na jina likifika mara ya tatu hakimu alimwita mzazi. Mzazi, si mtoto. Hapo ndipo walipotuweza, maana fimbo tulishaizoea. Baba mmoja wa mstari wa juu wa nyumba pale kijijini alilala mahabusu siku mbili kwa ajili ya mwanawe, akarudi na kikohozi.

Basi siku moja balozi akaja na karatasi. Alimheshimu Bibi mno, akamwachia mkononi na kuondoka upesi, shikamoo yake ikibaki mlangoni. Niliporudi kutoka "shuleni" jioni, Bibi alinipa ile karatasi.

"Mke mwenza, nisomee."

Ni kweli alikuwa akienda kisomo cha watu wazima kila alasiri, na nilikuwa nimemsikia akinong'ona ba, be, bi huku akipepeta ulezi. Nililiona hilo kama burudani ya wazee. Nikaitazama samansi, nikaona neno "utoro", nikakohoa, nikasoma:

"Unaalikwa Jumatano saa tatu asubuhi kwenye sherehe ya elimu ya watu wazima. Watapongezwa wazee wenye bidii."

"Haya," Bibi akasema. "Mtu haalikwi akaenda mikono mitupu."

Akachagua kuku, yule mwekundu anayetaga.

Jumatano tuliondoka mapema, Bibi amevaa kitenge kipya, mimi nimebeba kuku. Niliomba mvua inyeshe, katikati ya kiangazi cha Ufipa, kwenye upepo ule unaokausha mpaka mate. Kuku alikuwa mzito na alinitazama vibaya. Nilijua vizuri kabisa kwamba nilikuwa nampeleka Bibi wangu mahabusu, tena amejipaka mafuta.

"Bibi, turudi nyumbani?"

"Na sherehe?"

Nikamhamishia kuku mkono wa pili. Mara tatu nilifungua kinywa, mara tatu nikakifunga. Nilikuwa mwoga, na mpaka leo nikikumbuka saa mbili zile za njiani nachukia miguu yangu.

Mahakamani karani alimwona kuku kabla ya kutuona sisi. "Mama, hiyo ni rushwa!" Mgambo akasimama. Mwalimu mkuu, aliyekuwa kwenye benchi la mbele na daftari lake la mahudhurio, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu. Hakimu alikuwa kijana bado.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, ndugu hakimu. Wewe ndiye uliyenialika sherehe?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Bibi akafungua fundo la kitenge, akatoa ile karatasi, akanipa.

"Mke mwenza, msomee kama ulivyonisomea mimi."

Chumba chote kilinigeukia. Nilikuwa na kuku mkono mmoja na samansi mkono wa pili, machozi yananitoka, na nikasoma kilichoandikwa: kwamba alitakiwa kujibu shtaka la kutompeleka mtoto shuleni, na asipofika angekamatwa.

"Leo amesoma sawasawa," Bibi akamwambia hakimu. "Mimi ilinichukua mchana mzima siku balozi alipoileta, lakini hilo la kukamatwa nililipata. Kuku nilimbebesha tu. Nilitaka nione huo uongo atafika nao wapi."

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kama ni mahabusu yuko tayari, kwa sababu samaki wenyewe aliwala.

Hapo nililia kwa sauti, nikamwambia hakimu anifunge mimi. Hakimu na mwalimu mkuu wakanong'onezana. Amri ikatoka: mpaka muhula uishe, Bibi anilete shule kila asubuhi na kutia sahihi kwenye daftari la mwalimu mkuu, na balozi alipeleke mahakamani kila Ijumaa. Sahihi moja ikikosekana, Bibi atalala mahabusu usiku mmoja. Karani akamsogezea kidau cha wino wa dole gumba. Bibi akakisukuma kando.

"Kalamu," akasema.

Aliandika jina lake polepole mno, mpaka mshtakiwa aliyefuata akaomba kukaa.

Tangu siku ile alitangulia, mimi nyuma. Pale njia panda aliupiga upande wa kushoto kwa fimbo yake, kila siku, kama kuna nyoka. Tulisikia lori likipiga honi huko mlimani. Sikuthubutu kukosa hata siku moja, nikajikuta nimejua hesabu bila kukusudia. Sahihi ya kwanza daftarini ilimeza mistari mitatu. Ya mwisho ilitosha kwenye mmoja, na nafasi ikabaki.

Muhula ukaisha, balozi akaleta habari kwamba amri imekwisha. Muhula mpya ulipofunguliwa niliamka nikakuta Bibi hayupo, nikadhani yuko shamba. Nikaenda zangu peke yangu, natembea taratibu, najiona huru. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kitenge kile kile, anasubiri daftari.

"Bibi, amri imekwisha."

"Yako," akasema. "Mimi bado."

Kengele ilikuwa imeshalia. Mimi nilikuwa nimechelewa, yeye aliwahi.