Kinyozi Kwenye Kiti cha Mfalme

Jambo la kwanza utakaloligundua kwa kinyozi huyu ni kwamba hajui kusimama mbele ya mtu. Ukikutana naye sokoni au kwenye foleni ya benki, atakusalimu vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kujibu utashtukia yuko nyuma ya bega lako la kushoto, anaongea na kisogo chako. Miaka kumi na tisa ya kunyoa watu imemfanya hivyo. Sura za wateja wake anaziona kwenye kioo. Visogo ndivyo anavyovijua ana kwa ana.

Mtaani wanamwita Wembe. Ni mwembamba, mpole, na sauti yake ni ya kumbembeleza mtoto aliyegoma kunyolewa. Ndiyo maana siku Mwalimu aliposoma orodha ya waigizaji wa mwaka huu na kutamka kwamba mfalme katili ni Wembe, ukumbi mzima wa maktaba uligeuka kumtazama. Na yeye aligeuka pia, kumtafuta Wembe mwingine.

Mwalimu ni mama mstaafu aliyefundisha fasihi maisha yake yote, na sasa anaongoza kikundi cha maigizo cha mtaa. Tamthilia aliyoichagua ni kongwe, ya vizazi na vizazi. Inamhusu mlinzi aliyesimama nyuma ya kiti cha mfalme kwa miaka mingi, hadi siku alipomchoma bwana wake kisu cha mgongo, akakikalia kiti hicho yeye mwenyewe. Baada ya hapo anamwua mnyweshaji wake, anamwua mwandishi wake, anamwua hata ndugu yake wa tumbo moja, wala haachi.

Wembe alikuwa ametimiza miaka sita kikundini. Alishakuwa mjumbe mara tatu, askari wa mkuki mara mbili, na mwaka juzi alikuwa maiti.

"Na nilimpigia makofi," mke wake hupenda kuwaambia watu. "Sijaona maiti iliyotulia kama mume wangu."

Basi nafasi hii aliipokea kwa mikono miwili. Aliyashika maneno yote kwa siku tisa, akiyasema huku ananyoa, hadi mteja mmoja aliyesikia "Kichwa chako kitaanguka kabla jua halijatua" akalivua shuka mwenyewe, akaondoka na nywele nusu.

Lakini kushika maneno ni jambo moja na kuwa mfalme ni jingine. Mazoezini Wembe alikunja uso, akatoa macho, akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Akijisahau kidogo, anateleza nyuma ya mtu anayesema naye.

"Wewe ndiye mfalme!" Mwalimu alikuwa akimpigia kelele. "Kwa nini unajificha nyuma ya jemadari?"

Jemadari alikuwa muuza nyama wa mtaa wa pili, jitu la miraba minne linaloitwa Bucha, lenye sauti ya kutikisa madirisha. "Mwacheni, Mwalimu," alisema Bucha. "Ameona nywele zangu zimekua."

Watu walivunjika mbavu. Wembe naye alicheka, ila moyoni aliumia, maana alijua Bucha ameyashika maneno ya mfalme yote, na anayasema vizuri.

Alhamisi, zoezi lilipokwisha, Mwalimu alimwita pembeni.

"Mwanangu, hasira naiona. Mtu simwoni. Huyu mfalme anataka nini?"

"Anataka kuua, Mwalimu."

"Hayo ni matendo yake. Nakuuliza anataka nini."

Wembe alikuwa ameshateleza nyuma ya bega lake la kushoto.

"Kesho saa kumi jioni ni zoezi la mwisho," Mwalimu alisema taratibu. "Nisipomwona mtu, Jumamosi taji atalivaa Bucha, na wewe utakuwa jemadari. Usinichukie."

Ijumaa asubuhi Wembe alifungua saluni yake. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye hunyolea kwenye kiti cha pili, alimtazama ndevu zake za wiki tatu, zilizofugwa kwa ajili ya ufalme.

"Kaa nikunyoe, shemeji. Kama ni siku ya mwisho ya ufalme wako, uondoke ukiwa msafi."

"Nitajinyoa mwenyewe."

"Umeona wapi mfalme anajinyoa? Kaa!"

Wembe akakaa. Hakuwahi kukaa kwenye kiti kile kama mteja hata mara moja. Shemeji alimfunga shuka shingoni, mikono yake ikabaki chini ya kitambaa, haina kazi. Kisha akakizungusha kiti kuelekea mlangoni ili apate mwanga, na kioo kikabaki nyuma. Akampaka povu, akamnyoa shavu la kulia, akahamia nyuma yake. Wembe alisikia kiwembe kipya kikitolewa kwenye karatasi yake. Alisikia pumzi kisogoni mwake. Hakuona kitu.

"Tulia, shemeji."

"Nimetulia."

"Hujatulia. Umeking'ang'ania kiti kama kinapaa."

Kidole kikamgusa shingoni, na kinyozi huyu aliyegusa maelfu ya shingo akaruka wima, povu limemjaa shavu la kushoto.

"Anaogopa!"

"Nani?"

"Mfalme! Anajua anayesimama nyuma ya kiti anaweza kufanya nini, kwa sababu ndiye aliyefanya! Wote anaowaua ni watu wa kusimama nyuma yake! Anatafuta mtu mmoja tu wa kumwachia kisogo chake bila wasiwasi, na hampati!"

"Sawa," shemeji alisema. "Na hili shavu jingine?"

Lakini Wembe alishatoka nje, anaongea peke yake, shuka likimpepea mgongoni kama joho.

Saa kumi alifika ukumbini na ndevu za upande mmoja. Kabla mtu hajamwuliza, alikiburuta kiti cha mfalme kutoka katikati ya jukwaa, akakigandamiza ukutani. Akakaa. Jemadari akaingia kwa vishindo, akatoa taarifa ya vita kwa ile sauti yake ya kutikisa madirisha. Wembe hakupiga kelele. Alitabasamu. Aliinuka polepole, akamwuliza habari za nyumbani kama ilivyoandikwa, akamzunguka, akasimama nyuma ya bega lake la kushoto. Akaweka vidole viwili kwenye shingo ile nene, kwa wepesi ule ule anaotumia kumwinamisha mteja kichwa, na kwa sauti ya kubembeleza mtoto akanong'ona:

"Kichwa chako kitaanguka kabla jua halijatua."

Bucha, anayeshinda na shoka mkononi kila siku ya Mungu, alisahau maneno yake yote.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "mwambie atoke huko nyuma."

Mwalimu alivua miwani. "Usitoke! Kaa hapo hapo! Ndiye huyo!" Kisha akasogea karibu. "Na hilo shavu?"

"Mfalme ameshindwa kuvumilia kunyolewa hadi mwisho, Mwalimu. Hawezi."

Mwalimu alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Basi kesho utatoka hivyo hivyo."

"Watu watacheka!"

"Wakicheka, tumekwisha. Wakinyamaza, tumewapata. Tutajua ukitokea tu."

"Mimi nikinusurika," alisema Bucha huku akijipapasa shingo, "nahamia kwa kinyozi mwingine."

Usiku huo mke wa Wembe alilala upande wa shavu lililonyolewa. Mwenye upande wa pili, alisema, hamjui ni nani.

Na sasa ni Jumamosi, saa kumi kasoro dakika mbili, viti vyote vimejaa, na wengine wamesimama ukutani. Wembe amevaa taji, anachungulia kwenye upenyo wa pazia. Anawaona wateja wake wote: yule wa nywele nusu yuko safu ya pili na kofia kichwani, shemeji anawaeleza watu jambo huku akihesabu kwa vidole, mke wake ameshaiinua mikono, tayari kwa makofi. Kijasho chembamba kinamtoka. Ni nyuso tu, mamia ya nyuso, zimemwelekea yeye, na hakuna kioo katikati.

Bucha anamgusa begani kutoka nyuma. Wembe anaruka.

"Vizuri," Bucha ananong'ona, meno yote nje. "Baki hivyo hivyo."

Wembe anakwenda kukaa kwenye kiti chake, mgongo ukutani, anaugeuza uso ili shavu lenye ndevu litangulie kuonekana. Taa za ukumbini zinazimwa. Mwalimu ananyanyua mkono, na kamba ya pazia inakazwa.