Vyerehani Vinane Gerejini

Mwaka 2018 nilimaliza chuo Houston nikahamia kwa shangazi yangu katika mji wa DeSoto, hukohuko Texas, kusubiri kazi ambayo haikuja. Shangazi ni muuguzi, na alikuwa anadaiwa na kliniki ya meno. Bahasha ya mahakama ilipofika aliitupa pamoja na matangazo ya piza, akiamini ni matapeli, na hukumu ikatolewa yeye hayupo. Barua ya hukumu niliiona mimi. Nikaanza kusoma jinsi mahakama za Texas zinavyokazia hukumu, na kila nilivyosoma nilizidi kuchanganyikiwa. Nyumba anayoishi mdaiwa hawaigusi. Mshahara hawaugusi. Magari nayo hawayagusi, moja kwa kila mwanafamilia mwenye leseni. Sasa wanachukua nini?

“Kama hawagusi kitu, unatetemekea nini, msomi wetu?” shangazi aliniuliza.

Nikafungua ukurasa mwingine, nikaendelea kusoma.

Konstebo wa kaunti alikuja asubuhi ya Jumamosi na hati ya kukamata mali. Nilitarajia vurugu kama za madalali wa mahakama wa nyumbani, watu kurusha makochi nje. Huyu alivua kofia. Alisema ana wajibu wa kumuuliza mdaiwa kama ana mali ya kuonyesha ili ikamatwe kwa deni. Akauliza nyumba ina watu wangapi wenye leseni ya udereva. Wawili, tukasema. Akatazama magari mawili, gari dogo la shangazi la kwendea kazini na pikapu, akayaacha. Kisha akatazama gerejini, maana mlango ulikuwa wazi.

Gereji ilijaa mizigo ya kontena. Kila mwaka watu wetu na majirani wa Kongo huchangia kontena moja la kwenda Dar es Salaam, na ili makaratasi yawe mepesi, mizigo yote huandikwa kwa jina la mtu mmoja. Mwaka ule jina lilikuwa la shangazi. Orodha niliipiga chapa mimi: magodoro, vyombo vya kuokea keki, pikapu, vyerehani vinane.

“Hivi ni vya nani?” konstebo aliuliza.

“Vya watu,” shangazi akajibu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kuficha mali ni kosa, na kichwani mwangu kukaa kimya kukawa kuficha. Nikaingia ndani, nikatoka na orodha, nikampa. Aliisoma taratibu. Juu kabisa, kwa herufi nzito nilizozichagua mwenyewe, iliandikwa kwamba mwenye mali yote ni shangazi.

Magodoro na vyombo vya keki, vitu vya nyumbani, aliviacha; vyerehani akavifunga utepe, akaviandika kwenye fomu yake. Alisema atarudi na lori Alhamisi. Mwenye madai mengine aende mahakamani na ushahidi.

Shangazi hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Mwenye vyerehani alikuwa mama mmoja Mkongo anayefanya kazi ghalani Grand Prairie. Alikuwa akivinunua kimoja kimoja, miaka mitatu, kwa watu wanaouza vitu vyao uani, ili dada yake afungue chumba cha kushonea kwao Uvira. Alikuja jioni ileile, bado na viatu vya kazi.

“Mtoto, ule mzungu aliomba karatasi?” aliniuliza.

“Hakuomba, mama.”

“Na wewe ukamupatia.”

“Ndiyo.”

“Chuo walikufundisha nini?” Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua. Kisha akamgeukia shangazi. “Miye siko na risiti hata moja, dada. Nitaonyesha juji nini, mikono?”

Nikaeleza kwamba anaweza kupinga, kwamba kuna utaratibu wake, kwamba kesi husikilizwa. Shangazi akauliza itasikilizwa lini. Sikujua. Kontena lilikuwa linaondoka wiki iliyofuata.

Alhamisi konstebo alipofika, shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi na ufunguo wa pikapu mkononi. Ile pikapu, iliyokuwa iende na kontena, aliinunua ili ibebe matofali ya nyumba anayojenga Morogoro, na baadaye imwingizie riziki atakapostaafu.

“Acha vyerehani,” alimwambia. “Chukua hii.”

Konstebo alinitazama, akamtazama yeye. “Mama, sheria inakulindia gari hili. Unaelewa?”

“Naelewa. Huyu kanisomea wiki nzima.”

“Na bado unalitoa?”

“Vile si vyangu. Hili ni langu. Wapi hujaelewa?”

Nilitaka kumwambia shangazi kuna njia nyingine, asubiri, nisome tena kidogo. Konstebo alimpa karatasi, shangazi akasaini. Utepe ukabanduliwa. Mpaka leo sijui kama sheria ilitulinda tukaikataa, au haikuwapo pale kabisa.

Nilimpeleka kazini kwa gari lile dogo siku ile. Njiani alimpigia fundi wake Morogoro, akamwambia asimamishe ujenzi palepale kwenye lenta, usawa wa juu wa madirisha. Sauti ya fundi ilisikika gari zima: asimamishe mpaka lini?

Shangazi akanigeukia na simu sikioni, kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Nikaendelea kutazama barabara.

“Subiri,” akamwambia fundi. “Bado tunaulizana.”