Blauzi ya Dansi ya Mwisho

Blauzi ilikuwa nyekundu, imetariziwa kwa nyuzi za dhahabu, na ilikataa kufungika. Mwenyewe, mcheza filamu kutoka Bombay, alibana pumzi, mimi nikavuta vishikizo, wapi! Kesho yake alitakiwa apande jukwaani hapa Houston, kisha Dallas. Kwenye dansi ya mwisho vijana wangembeba, kumrusha juu na kumzungusha, maana hiyo ndiyo iliyotangazwa kwenye mabango.

Nilimjua kabla hatujakutana. Nilipokuwa nashona Tanga, dukani kwetu kulikuwa na kalenda ya sari kutoka Bombay, na msichana wa kwenye kalenda alikuwa yeye. Baadaye nikamwona kwenye tangazo la sabuni. Halafu kwenye filamu, dada wa shujaa, anakufa mapema. Halafu akawa yeye mwenyewe shujaa wa kike, anaimba milimani na mvua inamnyeshea. Binti yangu amekulia hapa, Kihindi hajui hata neno, lakini dansi zake zote alizicheza sebuleni kwetu Missouri City, pembeni ya Houston.

Mwenye duka la kushona nililokuwa nafanyia kazi hapa Houston alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Tanga. Siku niliyokwenda kuomba kazi na Kiingereza changu cha kuokoteza, aliniuliza, "Kiswahili wajua?" Nusura nilie. Mchana nilishona kwake, jioni nikaenda darasa la Kiingereza. Pale dukani Kiswahili ndicho kilikuwa pazia letu. Mteja yuko mbele yetu, sisi tunamsema alivyonenepa, naye anatabasamu tu.

Basi nikaufumua mshono wa ubavuni. Mafundi wa Bombay wanafanya kama sisi, wanaacha kitambaa cha akiba ndani ili nguo itanuliwe. Kile kitambaa kilikuwa kimeshatumika. Matundu ya sindano ya zamani yalikuwepo, mstari juu ya mstari, mtu ametanua, ametanua tena. Nikampima tumbo. Lilikuwa gumu. Na shingoni alikuwa na uzi wa shanga nyeusi, ameuficha ndani. Kwao ule ni kama pete ya ndoa. Mimi nimezaa watatu, sikuhitaji kuambiwa. Yeye akanitazama, akatikisa kichwa taratibu: usiseme.

Sikusema. Lakini mama mwenye duka alikuwa ameshika pini pembeni yangu, naye ana macho. Tulipotoka nje ya pazia la chumba cha kupimia akasema kwa Kiswahili, sauti juu kabisa:

"Shoga, huyu ana mimba! Na ameolewa kwa siri, nimeziona shanga. Wenye filamu hawataki shujaa aliyeolewa; wakijua, kwisha habari yake."

Kwenye kiti cha karibu na mlango alikaa bwana aliyemleta, Mhindi wa suti, mwenye onyesho lenyewe. Alikuwa anasoma gazeti. Akalishusha.

"Ana mimba ya miezi mingapi?" akauliza. Kwa Kiswahili.

Pini zote zikamwagika chini.

"We baba, umezaliwa wapi?" mama mwenye duka akauliza.

"Kisumu. Mlidhani Wahindi wote wa Houston tumetoka Bombay?" Hakucheka. Akanigeukia mimi. "Fundi, huyu mama ana mdomo. Wewe ndiye umempima. Ni kweli?"

"Mimi kazi yangu nguo, kaka. Habari za mwili wake muulize mwenyewe."

"Nimemlipa mcheza dansi, sijamlipa mgonjwa. Nikipiga simu Bombay leo, filamu anayoanza mwezi ujao anapewa mwingine." Akaitazama Biblia yangu pale kwenye cherehani. "Wewe mtu wa kanisa. Niambie si kweli, yaishe."

Hapo akawa amenibana. Uongo siwezi, na kunyamaza nako ni kama kujibu. Nikaomba moyoni, Bwana nipe neno.

"Ningekuta kovu ningekujibu hivihivi," nikasema. "Nisingekuta kitu, hivihivi. Mambo ya nyuma ya pazia siyatoi."

"Binti yako si ndiye aliyeniulizia tiketi hapa dukani asubuhi? Ninazo za mbele kabisa."

"Mpe mwingine."

Akakunja gazeti. "Sawa. Basi hana kitu. Kesho atacheza zote, na ile ya kubebwa."

Nimeficha siri, na sasa siri hiyo inakwenda kurushwa hewani pamoja na mtoto tumboni.

Nikarudi nyuma ya pazia. Kwa Kiingereza changu cha jioni nikamwambia: yule bwana anajua lugha yetu, amesikia, hana hakika, anataka ubebwe kwenye dansi ya mwisho.

Akakaa kwenye stuli. "Tangu nikiwa msichana wa shule wananiambia simama, nasimama. Cheka, nacheka. Lia, nalia." Akaufuta uso kwa futi yangu ya kupimia, sijui kama alijua ni nini. "Wewe ungefanyaje?"

"Nimezaa watatu," nikasema. "Hakuna mwanaume aliyenirusha juu hata siku moja, na bado ilikuwa kazi."

Akacheka, machozi yakitoka. Kisha akazitoa zile shanga ndani ya nguo, akaziweka wazi juu ya kifua, akatoka.

Waliongea kwa lugha yao. Mama mwenye duka akawa ananitafsiria sikioni, sasa kwa kunong'ona kweli: "Anamwambia atacheza zile za kusimama tu. Ya mwisho ataimba na watu. Anamwambia simu ile pale, piga."

Yule bwana aliziangalia shanga. "Haya, tiketi zimeshauzwa," akasema, akaenda kuwasha gari.

Nilishona blauzi nyingine, pana, na akiba nikaacha ya kutosha.

Filamu ile alipewa mwingine. Nani alipiga simu, sijajua mpaka leo. Kwenye kaseti za filamu tulizokuwa tunaazima akapotea. Miaka ikapita, ndipo mama mwenye duka akanipa kaseti mpya. Nikaiweka kwenye video nyumbani. Alikuwemo, sasa ni mama wa shujaa, nywele wamempaka mvi.

"Mami, mbona kijana hivyo wamemfanya mama?" binti yangu akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

"Ni mama kweli," nikamjibu. "Nyamaza tumwangalie."